Jino Lililorudi Fasi Yake

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya benki mjini Mbarara, nimeshika fomu na kalamu isiyoandika, nikasikia sauti nyuma yangu, sauti ya mtu aliyezoea kupanga watu mstari: "Wewe! Mukongomani! Cheka kidogo nione." Foleni nzima iligeuka. Nilimjua kabla sijamwona. Alikuwa amezeeka, shati limempwaya mabegani, lakini macho yake hayakuanzia kwenye uso wangu. Yalikwenda moja kwa moja mdomoni, kama mkulima anayepita kando ya shamba alilolilima zamani. Nikacheka. Akainama, akachungulia, akagonga jino langu la mbele kwa ukucha mara mbili mbele ya watu wote, akasikiliza. "Iko," akasema, na akaanza kucheka yeye. "Na wewe, jina yako ni nani tena?" Daktari wa meno aliyenishughulikia karibu mwaka mzima alikuwa amesahau jina langu, na jino analikumbuka. Sikukasirika hata kidogo. Nilirudi nyumbani nikatafuta kaye zangu za mwaka ule, madaftari matatu ya shule yaliyoliwa na mende pembeni, nikakaa chini nikasoma mpaka chakula kikaungua.

Ulikuwa mwaka 2010. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwaka wa pili wa sekondari, na sikuwa mtu wa kusema. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wetu wa Juru, mtu asiyesema anafikiriwa kuwa mgonjwa au mwenye kiburi, na mimi nilifikiriwa yote mawili. Kwaya ya kanisa iliniweka mstari wa nyuma, fasi ambako unaweza kufungua mdomo bila kutoa sauti na hakuna anayejua. Maneno yote niliyokosa kuyasema niliyaandika. Nikisoma leo naona aibu, maana nimeandika hata ukubwa wa pua ya kijana aliyepiga ngoma. Lakini nashukuru, kwa sababu bila kaye ningesimulia hadithi hii vizuri kuliko ilivyokuwa.

Mwezi wa pili, asubuhi, nilikuwa kwenye bomba la maji. Msichana wa mbele yangu alikuwa anapampu, mimi nimeinama kusogeza jerikeni yangu, yeye akaona nyoka, au kijiti kinachofanana na nyoka, akaachia mpini. Mpini ule wa chuma ukaruka juu na kunipata kinywani. Sikusikia maumivu; nilisikia baridi, hewa ikipita fasi isiyopaswa kupita. Wamama wakapiga kelele. Mmoja akaliokota jino kwenye matope, zima, refu kuliko nilivyodhani jino linaweza kuwa, akaanza kulisugua kwa majivu ili alisafishe. Hapo ndipo muuza maziwa akafika, mzee wa Kinyankole wa Bwizibwera aliyepita kila siku na pikapu yake kukusanya maziwa ya wafugaji. Alishuka anakimbia. "Hapana sugua! Hapana shika mizizi!" Akamnyang'anya, akalishika upande wa juu kwa vidole viwili, akafungua debe la maziwa, akajaza kikombe chake cha chai, akalitumbukiza humo. Wamama walimtazama kama mchawi. Akasema kwao wafugaji wote wanajua, ng'ombe akikupiga teke la mdomo jino unaliweka ndani ya maziwa na unakimbia kwa Afande. "Panda gari," akaniambia. Mama yangu akafika mbio na kitenge kimoja begani, tukapanda tukakaa kati ya madebe, mimi nimekumbatia kikombe, na kila gari liliporuka juu ya shimo Mama alichungulia ndani: "Bado liko? Bado liko?"

Afande Mugarura alikuwa mwanajeshi mstaafu, na kliniki yake ya meno ilikuwa vyumba viwili mtaa wa Kamukuzi mjini Mbarara, nyuma ya nyumba yake mwenyewe, kiasi kwamba harufu ya dawa na harufu ya matoke ya mkewe zilikuwa harufu moja. Alinikalisha, akaniosha tundu kwa maji ya chumvi, akalichukua jino kutoka kwenye maziwa akalirudisha polepole kwa kidole gumba. Nilisikia likiingia, kama mlango unaopata fremu yake. Akalifunga kwa waya mwembamba kwenye meno ya jirani. Kisha akanyoosha vidole kumi mbele ya uso wa Mama. "Mama, sikia. Siku kumi. Anarudi hapa, nafungua jino kwa nyuma, naosha ndani. Kama hapana rudi, itakufa. Umesikia?" Mama akasema amesikia. Na alikuwa amesikia kweli, kwa sababu usiku huo nimeandika: *Mama amechora mistari kumi ku mulango na makaa.*

Siku ya tisa, jioni, nilikuwa nakula bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikitafuna kwa upande, waya ukachomoka wenyewe na kubaki kwenye tonge. Mama alishika kichwa. Akaniambia nifungue kinywa, akaligusa jino kwa ncha ya kidole, akalisukuma. Halikutikisika. Akalisukuma tena. Akakaa chini kwenye mkeka akaanza kulia na kuimba kwa wakati mmoja. Siku ya kumi ilikuwa Jumapili. Badala ya kwenda Mbarara tulikwenda kanisani, na Mama akasimama kwenye ushuhuda. "Yesu asifiwe! Muzungu wa dawa alifunga na waya," alisema, ingawa Afande ni mweusi kuliko sisi, "lakini Mungu akasema, Mimi sihitaji waya! Waya imeanguka, jino imesimama!" Kanisa likalipuka. Pasta akaninyanyua mkono, akaniweka mbele, na akahubiri kitu ambacho sitakisahau: jino hili lilitupwa inje ya fasi yake, likaanguka mu matope ya inchi ya wengine, batu bakafikiri limekwisha. Na tazameni, limerudi fasi yake. "Kama Mungu amerudisha jino, sisi batu tutamushinda kurudisha kwetu?" Wazee walilia. Papa Mwenga, fundi viatu aliyekuwa ametoka Kivu na ufunguo wa nyumba yake mfukoni, alikuja kuniangalia kinywani kwa karibu sana, kisha akauchukua ule ufunguo akaubusu.

Wasomaji wasiotoka kwetu wataniuliza kwa nini hatukwenda siku ya kumi na moja, au ya kumi na tano. Jibu ni hilo. Huwezi kushuhudia Jumapili na Jumatatu ukaenda kutengenezesha muujiza. Na tena halikuwa jino langu pekee. Njiani watu walinisimamisha: "Riziki, onyesha." Kwa Mama muuza ndizi, onyesha. Kwa wageni wa zoni nyingine, onyesha. Mimi niliyekuwa naficha hata mkono wangu wa kulia nikiandika, nilikuwa nafungua mdomo mara kumi kwa siku. Kaye inasema: *Leo bameniangalia batu kumi na mbili. Ningependa kuwa goti, hakuna mutu anaomba kuliona.*

Mwezi wa tano jino lilianza kubadilika rangi. Kwanza manjano, kama chai ya maziwa, kisha kijivu. Nilijifunza kucheka na mdomo uliofungwa. Halafu kwenye ufizi juu yake kikatokea kipele kidogo kama punje ya mtama. Nikikibonyeza, kinatoa kitu cheupe na harufu ambayo bado nikiifikiria nafunga pua. Halafu likaanza kucheza. Ulimi wangu ulikwenda pale hata nikiwa nimelala. Niliandika kila siku, na sikumwambia mtu: *Linakufa. Mimi peke yangu ninanusa. Nikisema, Papa Mwenga ataweka ufunguo wake wapi?* Mwishowe, kwa sababu sikuweza kusema, nilimpa Mama kaye nikatoka nje. Mama husoma kwa kidole, neno kwa neno, na midomo inatembea. Niliporudi, kidole kilikuwa kimesimama kwenye ukurasa ule ule. Akachukua kilemba akaenda kwa Mama Pasta, na mimi nikamfuata.

Nyumba ya pasta ilikuwa ya udongo na mabati, na jikoni kwake ukuta ulikuwa umebomoka upande mmoja, wameziba kwa hema. Nilisimama nyuma ya hema. Walikuwa wanachambua maharage. Nilisikia yakidondoka kwenye sinia, tap, tap, katikati ya maneno.

"Unasema jino iko na ugonjwa," Mama Pasta alisema.

"Iko na usaha, Mama Pasta. Docteur alisema siku kumi. Ni mimi nilikosa."

"Maman Riziki. Mu konferansi ya mwisho wa mwezi batatoka batu ku zoni zote. Pasta amekwisha kusema huyu mutoto atasimama mbele. Weye unataka tubaambie nini? Ngoja ipite. Juma tatu tu. Tutaomba, labda Mungu anamujaribu."

Tap, tap. Mama aliendelea kuchambua. Nilimjua, angekubali. Mama alikuwa mtu wa kukubali, na siku ile nilielewa nimerithi kwake. Juma tatu. Nilisukuma jino kwa ulimi na likaenda mbele na kurudi, kama mtu anayeaga. Sijui nani aliinua lile hema. Nilijiona niko ndani, na viatu vyenye matope, mbele ya mwanamke aliyeogopwa na kwaya nzima. Nikapiga magoti karibu naye, nikainua mdomo wa juu kwa kidole, nikabonyeza kile kipele, nikamwambia neno moja:

"Nusa."

Mama aliniita kwa jina langu lote la ubatizo. Lakini Mama Pasta, sijui kwa nini, aliinama akanusa kweli. Akarudi nyuma kwa nguvu, sinia likapinduka, maharage yakatawanyika mpaka chini ya hema. Alifunika pua na upande wa kitenge, akanitazama kwa jicho moja. "Yesu wangu," akasema. Kisha: "Maman Riziki, umupeleke. Kesho, na ile gari ya maziwa. Pasta nitamwambia mimi." Tukaokota maharage wote watatu, kwa magoti. Halafu Mama Pasta akaguna: "Huyu mutoto anasema neno moja kwa mwaka, na neno lenyewe ni hilo!" Na Mama, aliyekuwa analia, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Afande hakucheka. "Nilisema siku kumi! Hii ni miezi mingapi? Mama, vidole yangu haikuonekana?" Alinipiga picha ya jino, filamu ndogo kama stempu, akaiosha kwenye vibakuli vya dawa, akaishika kwenye dirisha ikidondosha maji. Niliona meno yangu meupe kama mishumaa, yamenyooka, na katikati yake lile moja, mzizi umetafunwa pembeni, mashimo mawili ya duara, kama muhogo uliopitiwa na panya wa shambani. Akanieleza, na nimeyaandika maneno yake jinsi alivyoyasema. "Ndani ya jino kuna nyama kidogo. Siku ile ilikufa. Sasa imeoza, na uchafu inapita kwa vitundu vidogo inatoka inje. Mwili inasikia, inatuma askari. Askari inafika, adui iko ndani ya handaki, haimpati. Basi inaanza kula nyumba. Wewe unajua askari akikosa adui anakula mbuzi ya raia?" Nilijua. Sisi wote pale tulijua. "Hii ni mwili yako yenyewe inakula jino. Mimi naweza ingia kwenye handaki, natoa adui. Labda askari inarudi kambi. Lakini mahali imekwisha kula, haitarudi. Na naweza kushindwa. Ama nang'oa leo, nakuwekea ya plastiki, usiku unaiweka kwa kikombe." Mama akafungua mdomo kujibu. Afande akainua mkono. "Si wewe, Mama. Nauliza huyu."

Sikuwa nimewahi kuulizwa kitu kama kile. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Nikasema, "Jaribu." Akasema hajasikia. Nikasema tena, kwa sauti ambayo hata mke wake jikoni aliisikia, kwa sababu nilimsikia akijibu "Ehh!"

Alitoboa jino kwa nyuma, akachokoa ndani kwa sindano nyembamba zenye meno, akatoa uchafu, akaosha, akaosha tena, akajaza dawa nyeupe kama chokaa ya kupaka ukuta, akaziba. "Mwezi moja. Unarudi, natoa hii, naweka ingine." Nilirudi. Mwezi wa saba, wa nane, wa tisa, kila mara juu ya pikapu ya maziwa na kaye kwenye mfuko wa plastiki. Mama alikuja mara mbili za kwanza, kisha nikamwambia nitakwenda peke yangu, na aliposikia sentensi nzima kutoka kwangu akaniachia. Kipele kilikauka baada ya dawa ya kwanza. Lakini picha ya mwezi wa nane Afande aliitazama muda mrefu, akakuna shingo, akasema tu, "Sijui." Niliandika *sijui* mara kumi na nne kwenye ukurasa mmoja.

Kwenye benchi la kusubiri walikaa wake za askari kutoka kambi ya jeshi, wanawake wa maneno, wenye vitambaa vya kichwa vya rangi kali, waliomjua Afande tangu akiwa kazini na hawakumwogopa. Safari ya kwanza waliniacha. Ya pili mmoja aliyeitwa Mama Junior akanisogelea, akamgeukia mwenzake. "Nyabo, huyu mukimbizi anaandika nini kila siku? Anaandika sisi?" Mwingine akasema, "Andika mimi niko mzuri. Andika huyu iko na domo." "Domo yangu iko na meno yote, yako je?" Walicheka mpaka Afande akafungua mlango na kusema hii ni hospitali si soko. Saa ya mchana mke wake alitoa sahani ya matoke na mchuzi wa karanga kwa mtu yeyote aliyekuwepo, na mimi nilikatiwa vipande vidogo nivitafune kwa meno ya nyuma. Nilikula chakula cha watu wasionijua, katika nyumba ambayo hakuna aliyeniambia onyesha. Humo nilianza kusema. Kwanza "asante", halafu "chumvi", halafu siku moja nikamjibu Mama Junior kwamba nimemwandika, na nimeandika kwamba anakoroma kwenye benchi. Benchi lote lilipiga makofi.

Kanisani Mama alisimama tena, na mara hii hakuimba. "Nilishuhudia mbele ya wakati," alisema. "Mutoto anatibiwa. Mutuombee." Konferansi ilipita bila mimi kusimama. Wengine waliacha kunisalimia kwa miezi kadhaa. Papa Mwenga alinikuta njiani, akaniuliza polepole, "Basi hatutarudi kwetu?" Nilitaka kukimbia kama zamani. Nikamwambia, "Papa, mimi sijui mambo ya kurudi. Najua jino tu. Jino bado liko." Alifikiri, akasema hiyo nayo si mbaya, akaenda zake.

Mwezi wa kumi na mbili Afande alipiga picha nyingine, akaishika dirishani, na safari hii hakukuna shingo. Aliniita nisimame karibu. Yale mashimo mawili yalikuwepo bado, lakini kingo zake zilikuwa safi, laini, na kando ya mzizi ulionekana mstari mwembamba, na nyuma ya mstari mfupa mpya umejaa fasi iliyokuwa nyeusi. Akaweka picha ya mwezi wa sita pembeni yake. "Angalia. Hapa inakula. Hapa," akagonga, "hapana kula. Imeacha. Askari imerudi kambi." Akapiga saluti. Alilipigia saluti jino langu, mzee yule, na koti lake jeupe lenye doa la chai. Akatoa chokaa kwa mara ya mwisho, akajaza mfereji kwa mpira wa rangi ya waridi, akaziba kabisa. Jino lilibaki la kijivu kidogo, na limebaki hivyo mpaka leo. Sikuwahi kutaka jingine.

Nilikuwa nafunga viatu vyangu, Mama Junior akaletwa na majirani, mdomo umevimba, damu kwenye gauni. Bodaboda ilimwangusha karibu na lango la kambi ya jeshi. Jino lake alikuwa analishikilia ndani ya shavu mwenyewe, kwa sababu, alisema baadaye, alinisikia nikisimulia benchini kwamba jino halipendi kukauka. Afande alilirudisha, akafunga waya, akanyoosha vidole kumi. Mama Junior akatikisa kichwa: bwana wake amehamishwa, wiki ijayo wanahama kwenda kambi nyingine, na kama halimuumi arudi kufanya nini? Afande akaanza kufoka. Kisha akaniangalia, akanisogezea zile picha mbili juu ya meza.

Nilizichukua. Nilikwenda naye dirishani, nikamshika mkono kama yeye alivyokuwa akinishika benchini, nikainua picha ya kwanza kwenye mwanga. "Hii ilikuwa haiumi," nilimwambia. "Ilisimama vizuri. Watu walikuja kuitazama. Na ndani ilikuwa inaliwa hivi." Nikamwonyesha mashimo, moja baada ya jingine, polepole, nikaeleza handaki na adui na mbuzi ya raia, yote. Nikainua ya pili. "Siku ya kumi urudi. Toka huko mnakohamia, panda basi, urudi. Hata kama haliumi. Hasa kama haliumi."

Alitazama picha, akanitazama mimi, akatema damu kidogo kwenye kitambaa.

"Kumbe wewe ni daktari?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ni mwenye jino."